Pamba Juu ya Kaniki

Habari za kifo cha Sista Holo zilinifikia nyumbani kwangu Nyalikungu asubuhi, nikiwa nimekaa jikoni nachambua mchele. Aliyepiga simu alikuwa sista kijana ambaye hatujawahi kuonana. Alisema marehemu aliacha neno kwamba niambiwe mapema, nisije nikasikia kwenye matangazo ya kanisani kama watu wengine. Nilimshukuru, nikamwombea marehemu pumziko la milele, kisha nikarudi kwenye ungo wangu. Nilichambua mchele ule kupita kiasi, nikaondoa hata punje ambazo hazikuwa na kosa, maana mikono ilikuwa imekumbuka kazi nyingine. Mungu amenipa mengi katika uzee huu: mume aliyenitunza mpaka siku alipoitwa, watoto wenye heshima, wajukuu wanaoniita bibi hata wanaponikasirikia. Kwa hayo yote nashukuru kila asubuhi, na sishukuru kwa mdomo tu. Lakini mtu akiniuliza ni mwaka gani ulionifanya niwe huyu niliye, nitamtajia mwaka mmoja tu, ule niliokaa Bariadi katika nyumba ya masista, nikiwa binti wa miaka kumi na tisa, nikingoja kuambiwa kama nitapokelewa unovisi, mafunzo ya kuwa sista, au nitarudi kwetu.

Nyumba ile ilikuwa nyuma ya kanisa, ya matofali ya kuchoma, na bati lake lilikuwa limepakwa rangi nyekundu ambayo jua lilishaila. Tulikuwa wasichana wawili tu mwaka ule: mimi Modesta wa Shishiyu, na Holo wa Mkula. Chumba chetu kilikuwa na vitanda viwili vya kamba, msalaba mmoja, na dirisha lililotazama shamba la pamba la masista. Asubuhi kabla ya kengele nilikuwa nikisikia Holo anageuka kitandani, kamba zinalia, kisha ananiamkia kwa Kisukuma, kwa sauti ya usingizi, “Mwangaluka, Mode,” nami namwitikia, na siku inaanza. Sijui kama naweza kumweleza mtu asiyewahi kuishi hivyo utamu wa kuamshwa na kengele ambayo haikuhimizi shambani wala sokoni, inakuita tu ukamsalimu Mungu kwanza. Mpaka leo, kengele ya parokia yetu ikilia alfajiri, miguu yangu hutafuta ndara chini ya kitanda kisichokuwepo tena.

Chakula kilikuwa cha kwetu: uji wa mtama, ugali na mlenda, matobolwa ya viazi vitamu yaliyochemshwa na karanga za kusaga. Siku ndugu zake Holo walipopita kutoka ziwani tulikula furu na dagaa. Mimi sikuzoea samaki wenye miiba. Holo aliniangalia nikichokonoa sahani akasema, “Ninyi wa Shishiyu mnakula samaki kama mtu anayevuka mto usiku.” Sista Fides, aliyesimamia jiko, alicheka, kisha akageuka nyuma kuangalia mlangoni. Alikuwa akifanya hivyo kila mara Holo alipozungumza, na hata sisi wengine tulifanya. Holo alikuwa na makengeza. Jicho lake moja lilielekea nje, na alipokutazama usoni ulidhani anamtazama mtu aliyesimama nyuma ya bega lako. Yeye mwenyewe alilifanyia mzaha. “Msigeuke,” alisema. “Hakuna mtu. Nikimwona nitawaambia.”

Mama mlezi wetu alikuwa Sista Domina, mwanamke mrefu, mtulivu, aliyewahi kufundisha shule kabla ya kukabidhiwa sisi. Ndiye aliyekuwa na neno la mwisho. Mwisho wa mwaka, kabla ya mvua, angewaeleza wakubwa wake nani aendelee. Tulilijua hilo mimi na Holo, na hatukulizungumza, kama vile wanaongoja mvua wasivyopenda kuitaja. Sote wawili tuliutaka unovisi kwa moyo wote. Nasema hivyo kwa sababu baadaye watu walidhani mmoja wetu alitaka zaidi. Si kweli. Niliutaka kiasi kwamba nikifagia kikanisa nilikuwa naomba nifagie hapo mpaka nife.

Siku moja nilikuwa naosha masufuria nje ya jiko. Ukuta wa jiko upande ule ulikuwa wa bati, na bati halifichi siri. Nilimsikia Sista Fides anasema, “Mimi yule wa Mkula simwelewi. Ukimfundisha, anaangalia mlango. Kwenye kuabudu, anaangalia dirisha. Roho yake haitulii.” Sista Domina akauliza, “Na Modesta?” Sista Fides akajibu, “Modesta ni maji ya mtungini. Mwangalie anaposali.” Nilisimama na sufuria mkononi, moyo unadunda kwa furaha, na furaha ile ilikuwa imechanganyika na kitu kingine ambacho sikuweza kukipa jina. Maana nilimjua Holo. Nilipiga magoti kando yake kila siku. Nilijua kwamba jicho lile lililoelekea dirishani halikuwa linaangalia dirisha. Nilimweleza niliyoyasikia, nikidhani ataumia. Akasema, “Wewe ukifumba macho unafanana na sanamu ya Bikira, kasoro vumbi. Mimi nifumbe nisifumbe, nafanana na mwizi wa mbuzi. Tufanyeje sasa?” Tukacheka mpaka kengele ikatukatiza.

Pamba ilipopasuka tuliingia shambani, na baada ya kuvuna tukakaa chini ya banda la stoo kuchambua. Wenzangu wa Simiyu hawahitaji kuelezwa, lakini kwa msomaji wa mbali niseme: pamba nyeupe isiyo na doa huwekwa kando, huitwa safi, ile iliyoguswa na wadudu au mvua, yenye umanjano, huitwa fifi. Ukichanganya fifi na safi umeharibu yote. Kila mtu hukaa na nguo yake mbele, akamwaga pamba juu yake na kuichagua kwa jicho na vidole. Mimi nilikuwa na kaniki, nguo ile nyeusi ya mama zetu. Holo alifumua mfuko mweupe wa unga, akautandika. Hakuna aliyefikiri juu ya hilo. Kila mtu alichukua kilichokuwepo.

Siku zile za kuchambua zilikuwa nzuri kwangu na mbaya kwa Holo. Sista Domina alipita kila jioni kutazama. Pamba yangu ilimeta juu ya kaniki kama maziwa. Ya Holo, juu ya ule mfuko, ilionekana kama iliyolala majivuni, na lundo lake la fifi lilikuwa kubwa kuliko langu, maana naye aliiona hivyo hivyo akazidi kutupa. “Holo,” Sista alisema, “unaona vizuri kweli?” Hakusema kwa ubaya, lakini sote tulijua anauliza kuhusu jicho. Holo akajibu, “Naona, Sista. Ila pamba ya mwaka huu ni ya huzuni.” Sista akamwamuru airudie kazi, na akairudia, akatupa tena, bila kunung'unika. Usiku ule hakutania. Aliniambia kutoka kitandani kwake, “Mode, labda hata moyoni ni hivyo. Labda mimi ni fifi, ninyi mnaona, mimi ndiye sioni.” Nilimwambia aache upuuzi. Lakini nakiri kwamba lile wazo lilikuwa limeshaniingia hata mimi, niliyemjua. Ukisikia siku nyingi kwamba mtu hatulii, unaanza kumwona hatulii. Mlango anaoufunga unasikika kwa nguvu kuliko mlango uleule ukifungwa na mwingine.

Nimeliona jambo hilo mara nyingi tangu wakati ule. Hapa Nyalikungu aliwahi kuhamishiwa ofisa mmoja kutoka mikoa ya pwani, mtu wa swala tano. Alikuwa akisema “habari za leo” na kupita, wakati sisi tumezoea mtu asimame, aulize watoto, ng'ombe, mvua, na waliolala. Tukasema ana dharau. Baada ya hapo kila alichofanya kilikuwa dharau: viatu vyake, mwavuli wake, hata kimya chake msibani. Siku alipokaa na baba mkwe wangu mgonjwa mpaka giza likaingia, akimshikia kikombe cha maji, tulishangaa kama watu walioliona jiwe likitembea. Naye akatuambia, kwa unyenyekevu, kwamba miezi yote ile alituona sisi ni watu wa kuzubaa barabarani. Kila upande ulikuwa unatazama pamba ya mwenzake juu ya nguo yake wenyewe.

Narudi Bariadi. Siku ya kuuza, Sista Domina alikwenda nasi kituo cha kununulia pamba na mkokoteni wa ng'ombe. Gunia langu lilifungwa kwa kipande cha kaniki, la Holo kwa katani. Karani alimwaga yote mawili sakafuni kwenye saruji, moja kando ya jingine, kama ilivyo desturi kabla ya kupima. Hakukuwa na haja ya mtu kusema neno. Pale, juu ya sakafu moja, pamba ya Holo ilikuwa nyeupe kote, na yangu ilikuwa na nyuzi za manjano humu na humu, kama mvi kichwani kwa kijana. Karani akachota ya Holo akasema, “Aliyechambua hii asitafute mume, ataona kila doa.” Holo akasema, “Natafuta, kaka, ila si wa hapa kituoni.” Watu wakacheka. Sista Domina hakucheka. Alikuwa ameinama, anatazama lundo hili na lile, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeitwa kwa jina na hajui nani amemwita. Gunia langu lilikataliwa, nikalibeba tena mpaka nyumbani.

Alasiri alituita bandani, akaomba nguo zote mbili. Alitandika kaniki na mfuko kando kwa kando, akachukua pamba ya tumba moja, akaigawa kwa mikono yake mbele yetu, nusu huku, nusu kule. “Ipi safi?” aliuliza. Nikaonyesha ya kwenye kaniki. Akazibadilisha mahali. Ile niliyoidhani safi ikawa ya majivu, na ya majivu ikang'aa. “Ni pamba moja,” alisema. “Mmeniona nikiichana.” Tulijua. Lakini hapo ndipo penye ajabu, na ndipo mwaka wangu uligeukia: kujua hakukusaidia kitu. Nilijua ni pamba ya tumba moja, na jicho halikutaka kusikia. Sista alizihamisha tena na tena, huku na kule, mpaka Holo akaanza kucheka. “Sista, utaichosha.” Sista naye alicheka kidogo. Kisha akanyanyua kichwa, akamtazama Holo, akanitazama mimi, tuliokaa bega kwa bega, na kicheko kikamwisha usoni taratibu. Akakusanya nguo, akaenda kikanisani.

Tangu siku ile aliacha kukaa mbele ya Holo. Akitaka kuzungumza naye alikuja kukaa kando yake, wote wawili wakitazama upande mmoja, shambani au ukutani, na walizungumza hivyo kwa muda mrefu. Mezani alianza kutufundisha michezo ya macho. Alitumbukiza kijiti ndani ya glasi ya maji, kikavunjika. Akakitoa, kikawa kizima. Alichora kwa chaki mistari miwili sawa, mmoja akautia mikia inayofunguka kwa nje miishoni, mwingine inayojikunja kwa ndani, na Sista Fides akaapa kwamba mmoja ni mrefu mpaka alipopewa uzi aupime. Jioni ya mwezi mpevu alitutoa nje kuutazama ukichomoza juu ya mbuga, mkubwa kama ungo, kisha akatuita tena ulipopanda juu, umekuwa mdogo kama sahani. “Haukupungua,” alisema. Sista Fides akasema, “Sista, unatufundisha tusiamini macho? Mungu ametupa ya nini basi?” Sista Domina akajibu, “Ametupa tuombe nayo. Mtu anayejua jicho lake linaweza kukosea, ndiye anayeuliza mara ya pili.” Sista Fides alifikiri, na kesho yake nilimwona anazungumza na Holo kuhusu chumvi. Nusu ya mwili wake ilianza kugeuka kuangalia mlangoni, akajizuia, shingo ikakakamaa kama ya mtu aliyelala vibaya. Holo akamwambia kwa upole, “Geuka tu, Sista. Utaumia.”

Lakini kadiri Holo alivyoanza kuonekana, mimi nilianza kuogopa. Nilikuwa nimeelewa kitu ambacho hakuna aliyekisema. Kama mfuko mweupe ulimfanya yeye aonekane wa majivu, basi kaniki ilinifanya mimi ning'ae. Mwaka mzima nilikuwa nimetazamwa kando ya msichana ambaye watu walidhani hatulii, na kando yake utulivu wangu ulikuwa umemeta. Sikuwa nimemdanganya mtu. Uso wangu ndivyo ulivyoumbwa. Ila sasa mtu mmoja mwaminifu alikuwa anajizoeza kuutazama uso huo bila kitu pembeni yake.

Sista Domina aliniita kabla ya mvua. Tulikaa stoo, juu ya benchi, bega kwa bega. Harufu ya mbegu za pamba ilikuwa bado imo ndani. Aliongea polepole.

“Modesta, nimekutazama siku hizi peke yako.”

“Umeona nini, Sista?”

“Nimeona binti mwema, anayempenda Mungu. Hilo halikubadilika.” Akapangusa vumbi la benchi. “Nimeona pia kwamba wale akina mama wanaokuja kliniki hapa kwetu wakikupa mtoto umshikie, husikii kengele. Hata mara moja hujaisikia. Holo ndiye anayekuja kukuita.”

“Nitajirekebisha.”

“Mwanangu, si kosa. Ningekuwa nakuambia kosa ningeona raha zaidi. Sisi tuliona utulivu wako tukauita wito. Nadhani Mungu anakuita kwingine.”

Nilitazama ukuta. Nilisikia maneno yakitoka kinywani mwangu, na sikuwa nimewahi kumjibu mkubwa hivyo. “Na kama sasa ndipo macho yanapokudanganya? Kama ulikuwa sahihi mwanzo?”

Nje Holo alikuwa anafukuza mbuzi wa jirani, anawatukana kwa Kisukuma kwa majina ya shangazi zao. Sista Domina aliushika mkono wangu. “Inawezekana,” alisema. “Nimeomba sana juu ya hilo, na sijapewa hakika. Nimepewa kazi ya kuchagua tu.” Kisha, kwa sababu sikuuliza, akaniambia, “Holo anaendelea.”

Nilifurahi kwa ajili ya Holo, na nililia kwa ajili yangu, na vyote viwili vilikuwa kweli kwa wakati mmoja. Asubuhi ya kuondoka alinibebea sanduku mpaka stendi. Njiani hakunitania hata mara moja, nikajua jinsi anavyoumia. Basi lilipowashwa alinishukuru kwa Kisukuma, “Wabeja, Mode. Wewe hukuwahi kugeuka nyuma.” Nilitaka kumwambia kwamba niligeuka, siku zile za mwanzo, kama wote. Gari likaondoka kabla sijasema.

Niliolewa, nikapata watoto wangu mwenyewe wa kushika, na katika kuwashika niliona kwamba huenda Sista Domina aliona sawa. Nikafundisha watoto wa parokia katekisimu mpaka magoti yakakataa. Kuna miaka mingi ambayo sikuwa na shaka hata kidogo. Na kuna jioni, hasa baada ya mvua, ambapo namkumbuka akisema “inawezekana,” na lile neno linakaa nami mezani. Zamani nilimwomba Mungu alijibu neno hilo. Siku hizi namshukuru kwa kuwa alinipa mlezi aliyekuwa mkweli kiasi cha kulisema. Mtu aliyetamani kitu kwa haki, akanyimwa kwa upendo, hana wa kumlaumu, na hamu yake haina mahali pa kwenda. Nimejifunza kuiacha ikae nami. Imezeeka nami vizuri.

Holo alikuja kunitembelea mara kadhaa, amevaa shela, na jicho lake bado linatazama nyuma ya bega langu. Hatukuzungumza kamwe juu ya nani alipaswa kuwa wapi. Tulikula michembe ya viazi, tukawasema watu, tukasali rozari tukiwa tumekaa bega kwa bega.

Mazishi yake yalifanyika Bariadi, kwenye makaburi ya masista. Nilifika mapema, nimevaa gauni la kijivu na kitambaa cheupe kichwani, kwa sababu ndizo nguo zangu za heshima. Mwili haukuwa umeletwa bado. Nilikaa peke yangu kwenye benchi la kikanisa, karibu na dirisha, nikafumba macho nimwombee. Nilisikia hatua nyepesi zikisimama mbele yangu. Nilipofumbua macho niliona msichana wa miaka kumi na minane hivi, amevaa sketi ya bluu ya waaspiranti, wasichana wanaoutamani usista, ameshika bahasha ya mishumaa. Aliona gauni, akaona kitambaa, akaona bibi kizee anayesali. Akapiga goti kidogo.

“Tumsifu Yesu Kristo, Sista.”

Nilimtazama. Ningeweza kumsahihisha, na muda wa kufanya hivyo ulikuwepo. Lakini salamu ile ina jibu moja tu, na jibu hilo ni la kila aliyebatizwa.

“Milele na milele,” nikasema. “Amina.”

Akaniwekea mshumaa mkononi, akaenda kuwapa wengine.